Ndani ya Kiwango

Nilikitoa kwenye katoni Jumatatu, hapa Majengo,
mvua ya saa tisa ikigonga mabati, umeme umerudi:
kioo cha inchi ishirini na nne, chembamba,
kikinukia kiwanda.
Nikakiwasha. Nikafungua ukurasa mweupe.
Nikaiona:
nukta ya kijani, ndogo kuliko yai la chawa,
juu kidogo ya katikati, upande wa kushoto.
Nilidhani ni vumbi, nikapuliza.
Nilidhani ni mdudu, nikamwambia aondoke.

Kazi yangu ni vitabu vya mazishi.
Kurasa nane, karatasi ya kung'aa,
alizaliwa, alisoma, aliokoka, alilala.
Naikuza picha ya kitambulisho hadi uso ujae jalada,
naondoa kivuli cha kofia.
Na kila marehemu niliyemfungua wiki ile
alikuwa na chembe ya kijani
shavuni, au jichoni, au kwenye tai,
kutegemea nilivyomsogeza.

Kisumu, dukani, Akumu wa kaunta hakubishana.
Alikikunjua kijitabu cha dhamana kama ramani:
"Kuna nyeusi, hiyo imekufa.
Kuna nyeupe, hiyo hailali.
Yako imekwama. Ndani yake mna nyekundu, kijani na bluu,
sasa kijani kimekataa kuzima."
Akaandika kwa kalamu, polepole:
milioni mbili, elfu sabini na tatu, na mia sita.
"Ndizo nukta za kioo chako. Zikiharibika tano, tunabadilisha.
Au mbili, zikiwa zimegusana.
Moja iko ndani ya kiwango kinachokubalika."

Kinachokubalika na nani?
Akagonga muhuri risiti ya mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Fundi wa ghorofani alinipa dawa:
kitambaa laini, kidole, usugue kioo kikiwa kimezimwa,
kisha ukipepesee rangi usiku kucha.
("Ila ukikibonyeza, dhamana imekwenda. Sikukwambia mimi.")
Sikuthubutu kusugua. Nilikipepesea rangi tu.
Asubuhi nukta ilikuwa macho kuliko mimi.

Nitasema kweli: nilianza kuziombea zife.
Kila nikifungua duka, ukurasa mweupe, kisha mweusi, kisha mwekundu,
nikipita mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia,
nikitafuta nne zaidi kabla ya Novemba.
Siku moja niliruka kwa furaha.
Ilikuwa punje ya sukari.

Alhamisi akaja Mama Kageha kutoka Mungoma,
picha ndani ya Biblia, Biblia ndani ya leso.
Mwanawe Ombima, mvunja mawe, miaka thelathini na mmoja.
Nilipoukuza uso, mama akasogeza kiti.
"Hicho nini hapo, chini ya jicho?"
Ni kioo, mama, si yeye. Karatasini hakitatokea.
Alinisikia, nadhani.
Lakini alilamba kidole gumba,
akanyoosha mkono, akampangusa shavu
jinsi watoto wanavyopanguswa mlangoni mwa kanisa,
mara moja,
kisha mara ya pili, kwa nguvu,
hata rangi zikatawanyika chini ya gumba lake
kama mafuta juu ya maji.

Sikumzuia.

Nikauliza niandike ameacha ndugu wangapi.
"Watano," akasema, bado anaitazama.
"Watu wananiambia nishukuru, nina watano."
Nikaandika: watano.
Kibodi ilipiga kelele kuliko kawaida.

Jumamosi alichukua nakala mia mbili.
Alifungua moja, akatazama shavu, safi,
akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza tena,
akalipa.

Novemba imepita. Bado ni moja.
Ukurasa ukiwa mweupe naiona bila kuitafuta.
Umeme ukipotea, kioo kikiwa cheusi,
ndipo inaponijia alama ya gumba, mistari yake yote,
niliyopita nayo Krismasi sijaifuta.
Leo nina mzee wa Chavakali, kurasa kumi na mbili,
na mawingu yameshakaa juu ya kilima.